Mayai Yaliyofungwa Mkanda

Kwetu, wa kwanza kufungwa mkanda ndani ya gari hakuwa mtu. Yalikuwa mayai.

Trei tatu, moja juu ya nyingine, zimefunikwa kitambaa cha jikoni chenye picha ya nanasi, zimekaa kwenye kiti cha mtoto kama mheshimiwa anayesubiri zamu yake ya kuhutubia. Mtoto mwenyewe, dada yangu wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa pembeni, mapajani mwa mama, ananyonya kidole na kuyatazama yale mayai kwa jicho la wivu.

Nikisimulia hivi shuleni wananiambia naongeza chumvi. Mimi chumvi huongeza pale tu chakula kinapodai. Hapa hakikudai.

Kwanza mtujue. Sisi ni Wakenya wa Kabalagala, mtaa wa Kampala. Baba anauza pampu za maji katika duka la mtu. Mama anasambaza mayai kwa wakaanga roleksi, yaani wale vijana wa pembeni mwa barabara wanaokaanga mayai, wanayaviringisha ndani ya chapati na kuishibisha nusu ya Kampala. Mimi ni mwanafunzi, na kazi yangu ya ziada ni kunyamazishwa. Gari letu limenizidi umri. Buti lake halijafunguka tangu baba aliporudi nyuma akagonga mti. Ndani yake, inasadikika, kuna mwavuli na kiatu changu kimoja cha darasa la tatu. Kwa hiyo mzigo wowote wa mama husafiri pamoja nasi, kama ndugu.

Kile kiti kilitoka kwa shangazi yangu anayehudumia wazee huko Ulaya. Kilifika ndani ya boksi kubwa kuliko friji yetu. Kilikuwa cha kijivu, kina mikanda ya mabegani, mkanda wa katikati ya miguu, na kifungio chekundu ambacho ukikibana kinatoa mlio wa kuridhika, ka! Juu yake kilivikwa nailoni ngumu, inayong'aa. Mama alipoiona ile nailoni akatoa amri: isitolewe.

Lazima uelewe. Nyumbani kwetu kitu kizuri hakitumiki. Kinatunzwa mpaka kizeeke chenyewe. Rimoti ya runinga ina nailoni. Makochi yana vitambaa, na vitambaa vina vitambaa. Basi kiti kikawekwa sebuleni, kando ya runinga, na wageni wakawa wanaonyeshwa. "Hicho kimetoka Ulaya," mama alikuwa akisema, huku ameangalia pembeni, kana kwamba si yeye aliyekielekezea taa. Mchungaji alipokuja kuiombea nyumba alikigusa, akauliza ni nini, akakiombea nacho.

Dada yangu alipokisogelea alikaripiwa. "We! Utakikojolea!" Mtoto akajifunza kusimama mbele ya kiti chake mwenyewe, mikono nyuma, kama mtalii.

Shida ilikuwa shangazi. Kila mwezi alitaka picha. Kila mwezi dada yangu alivishwa gauni la Krismasi, akaketishwa juu ya nailoni kwa sekunde nne, akapigwa picha, akaondolewa kabla hajapata wazo lolote. Halafu siku moja shangazi akaandika: "Nataka kumwona akiwa ndani ya gari." Tukakibeba kiti mimi na baba mpaka kwenye gari lililoegeshwa uani, tukakifunga, mtoto akaketishwa, picha ikapigwa, kiti kikarudi sebuleni. Baba alishika usukani wakati wote huo, injini imezimwa, uso mbele, ili ionekane tunaelekea mahali. Shangazi akajibu kwa mioyo sita na mikono ya kushukuru.

Hapo ndipo habari ya sheria ilipokuja.

Ilianzia redioni, ikahamia kwenye magrupu ya simu, ikafika kwenye kibanda cha roleksi, na huko ndiko sheria zote hupata maana yake kamili. Sheria ilihusu watoto wadogo na viti vyao ndani ya magari. Zaidi ya hapo kila mtu alikuwa na toleo lake. Mwenye bodaboda mmoja alikasirika sana: "Sasa mimi huyo mtoto nitamfungia wapi, kwa tangi?" Mwingine akasema kiti lazima kiwe na mhuri. Kinyozi wa jirani akajitokeza na ule ubao anaouweka juu ya mikono ya kiti chake ili kichwa cha mtoto kifikie mkasi. Akasema huo pia ni kiti cha mtoto, tena umefanya kazi kwa miaka, anaweza kuuazimisha. Mwenye nyumba wetu alinunua stuli ya plastiki ya bluu, akaiweka kiti cha nyuma. Hana mtoto mdogo. Wa mwisho wake yuko chuo kikuu.

"Nimejikinga," alituambia.

Baba naye akafikiri siku mbili. Baba ni mtu anayeiheshimu sheria jinsi watu wengine wanavyomheshimu mbwa: hana ugomvi naye, ila hataki anuswenuswe. Siku ya tatu akakibeba kiti kutoka sebuleni, nailoni na yote, akakifunga nyuma.

"Sheria inasema gari liwe na kiti cha mtoto," alitangaza. "Gari lina kiti cha mtoto."

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto ana mama."

"Lakini baba, sheria ni ya kulinda gari au ya kulinda..."

"Wewe maliza chapati."

Kwa wiki nzima tulizunguka Kampala na kiti kitupu. Kiti kilikuwa cha kijivu, cha heshima, kimejaa hewa. Dada yangu alikaa kando yake mapajani mwa mama, na mama alikuwa ameacha nafasi kidogo katikati ili nailoni isikwaruzwe.

Sasa mayai. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya mama ya kusambaza. Trei tatu hukaa kwangu mbele, mapajani, na tatu nyingine huachwa kiti cha nyuma, ambako zilikuwa na tabia ya kuteleza kila kona. Kila Jumamosi tulipoteza kadhaa, na gari likawa na harufu ambayo baba aliiita ya kawaida. Jumamosi hiyo mama aliitazama trei, akakitazama kiti. Akaitazama trei tena. Akaiinua, akaishusha ndani ya kiti, ikaingia kwa kubanwa kidogo tu, kana kwamba fundi wa Ulaya alipima yai kwanza. Akapanga ya pili na ya tatu. Akafunika kwa nanasi. Akapitisha mikanda mabegani mwa trei, akavuta ule wa katikati ya miguu ambayo mayai hayana, akabana kifungio. Ka!

Siku hiyo halikuvunjika hata moja. Mama aliimba mpaka jioni.

Na hivyo ndivyo tulivyokuwa, mayai kitini na mtoto mapajani, siku tuliyopanda Nakasero sokoni kutafuta vitunguu, trafiki akatunyooshea mkono. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, sare yake nyeupe kiasi kwamba ilimfanya baba akae wima. Aliongea Kiswahili kile cha Kampala ambacho ukikizoea huwezi tena kukicheka, kwa sababu kinafika kuliko chako.

"Mzee, habali ya asubuhi."

"Nzuri, afande."

"Hii kiti iko ya nani?"

"Ya mtoto, afande," baba akajibu kwa fahari. "Kama sheria inavyotaka."

Afande akainama dirisha la nyuma. Akakaa hapo muda.

"Mutoto iko wapi?"

"Yule pale, kwa mama yake."

"Na hapa kwa kiti iko nini?"

Baba aligundua ghafla kwamba kioo cha mbele kina vumbi. Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya kanisani. "Ni mayai, afande."

Afande akafunua nanasi kwa ncha ya kidole. Akafunika tena, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa.

"Mayai imefunga mukanda," alisema polepole. "Mutoto hapana."

"Afande, mayai huvunjika," mama akamweleza.

"Eh. Na mutoto, nnyabo?" aliuliza, yaani mama kwa Kiganda.

"Mtoto nimemshika."

Afande alifungua kitabu chake, akaweka kalamu kwenye karatasi, akaiinua. Ukifikiria, alikuwa na tatizo kweli. Kiti kilikuwepo. Mkanda ulikuwa umefungwa. Ukikiuliza kiti, sheria imefuatwa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, akachungulia, akaenda nyuma ya nguzo ya umeme. Tuliona mabega yake yakitikisika. Mwishowe afande akaamuru mayai yatoke na mtoto aingie. Dada yangu, ambaye kwa miezi yote alikuwa amekatazwa kukigusa kile kitu, alipoketishwa juu ya nailoni kwa muda unaozidi sekunde nne aliona huu ni mtego. Alijikunja kama upinde, akapiga yowe, akarusha kiatu. Kikampata afande begani. Tulimfunga hivyo hivyo.

Tuliendesha mpaka tulipokata kona. Ka! Mama akamtoa.

"Afande haoni," alisema. Nilicheka. Kusema kweli, nilicheka sana.

Sikujua kwamba yule afande naye ana kazi ya ziada.

Wiki mbili baadaye tuliitwa uwanjani shuleni: askari amekuja kutoa elimu ya usalama barabarani. Nilikaa nyuma, mahali pangu pa kawaida pa kufanyia biashara ya utani. Nikainua macho. Sare nyeupe. Mtu mnene kidogo, mpole.

Alikuwa ameahidiwa na shule mwanasesere wa kufundishia. Shule ilikuwa na mmoja, wa maabara ya upishi na malezi, ambaye kichwa chake kilikwisha kutoka zamani na kikagandishwa kwa gundi ya karatasi. Hapakuwa na gari, basi akapewa toroli la mtunza bustani. Akamweka mwanasesere ndani, akainua mikono ya toroli, akakimbia nalo uwanjani, sare nyeupe ikipepea, halafu akasimama ghafla.

Mwanasesere akapaa. Kichwa kikaachana na mwili angani, kikabiringika kwenye nyasi, kikasimama kwenye kiatu cha mwalimu mkuu, uso juu, kikitabasamu.

Shule nzima ilianguka kwa kicheko. Hata mwalimu mkuu alikohoa.

Afande hakucheka. Alingoja.

"Tololi imesimama?" aliuliza.

"Ndiyooo!"

"Mutoto amesimama?"

"Hapanaaa!"

"Gali ikisimama, mutu hasimami. Mutu anaendelea na safali yake."

Akaomba tai. Mwalimu wa nidhamu akanielekezea mimi kidole, bila shaka kwa sababu tai yangu ilikuwa imelegea. Afande akachukua tai yangu, akarudisha kichwa, akamfunga mwanasesere kwenye chuma cha toroli, akakimbia tena, akasimama. Mwanasesere alibaki. Kichwa kilining'inia, lakini kilibaki.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa mtu mwingine. Nikainua mkono. "Afande, na yai je? Lingesimama?"

Alinitazama. Nikaona kumbukumbu inampanda usoni kama maziwa yanayochemka.

"Wewe! Wewe si wa ile gali ya mayai?"

Akaisimulia shule nzima. Aliisimulia vizuri, siwezi kumlaumu. Nanasi alilitaja, kiatu alikitaja. Tangu siku hiyo naitwa Trei. Hata walimu. Na mwalimu wa nidhamu akaona nafasi ya kunirekebisha. Akanichorea jedwali lenye mistari kumi na minne, mmoja kwa kila safari ya familia: nani alikaa kwenye kiti, na sahihi ya mzazi. Likijaa nitalisoma mbele ya shule.

Walidhani kinachonisumbua ni jina. Jina nililipenda. Kilichonisumbua ni kichwa kile kwenye nyasi. Nilirudi nyumbani nikamkuta dada yangu amekaa sakafuni anamega ugali, anatikisa kichwa chake kikubwa juu ya shingo ndogo kama kikonyo cha embe, nikasikia toroli linasimama. Nikaona kicheko changu cha ile kona ya Nakasero hakikuwa na maana yoyote.

Basi nikamfuata mama jikoni.

"Mama, weka sahihi hapa."

"Kwamba nini?"

"Kwamba mtoto alikaa kwenye kiti."

"Alikaa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mimi, mshirika wa kanisa, nitie sahihi uongo?"

"Basi akae."

"Analia, hujasikia anavyolia?"

"Mayai hayalii kwa sababu hayana mdomo."

"Kijana, huu mwiko unauona?" Niliuona. Akaushusha. "Wewe nilikupakata kwenye basi kutoka Kisumu mpaka hapa. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Ulianguka?"

"Sikumbuki."

"Hukuanguka! Uliona mkanda?"

"Nilikuwa na miezi mitatu, mama."

"Mkanda ulikuwa huu." Akainua mikono yake miwili, yenye unga hadi kwenye viwiko. "Na huu bado haujachakaa."

Nilimgeukia baba. Baba akalitazama dari. Barabarani anaogopa askari. Nyumbani kuna askari mwingine.

Nikasema, labda mtoto azoezwe. Jioni hiyo, gari likiwa uani, nilimketisha dada yangu kitini kwa hila ya ndizi. Ndizi ilitosha dakika moja. Yowe lililofuata lilimtoa jirani yetu, msusi kutoka Bukavu, na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake nusu kichwa kimesukwa.

"Mama weee! Huyu mutoto aliiba nini?" aliuliza.

"Ni sheria," nilisema.

"Sheria ya wapi inafunga mutoto wa kunyonya? Kwetu ata mbuzi unaifunga muguu moja tu!"

Mama akatoka, akamfungua, akamweka mgongoni kwa leso, na mtoto akanyamaza papo hapo, shavu limelala, kama aliyerudi nchini kwake. Mama alinitazama tu, yaani: umeona?

Niliona. Kwa hiyo nikajaza jedwali kwa ukweli. Safari ya kwanza: mayai. Ya pili: mayai. Ya tatu: mayai na vitunguu. Ya nne: spika ya kanisa. Mama alitia sahihi zote bila wasiwasi, kwa sababu hazikuwa uongo.

Safari ya tisa ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nzuri, jua jipya, tunateremka kuingia barabara kuu ya Kabalagala kwa kasi ya mtu anayekwenda kwenye mkutano asioutaka. Mimi mbele, nimefunga mkanda, nimepakata trei tatu. Nyuma, trei tatu kitini chini ya nanasi. Kando yake mama, na mapajani mwake dada yangu, amesimama amemshika shingo, anamwimbia kitu chake.

Korongo akashuka barabarani. Wale ndege wakubwa wa Kampala, wenye upara na mfuko shingoni, wanaotembea kama mahakimu waliostaafu. Hakukimbia. Aliweka mguu mmoja kwenye lami, akaufikiria, akaweka wa pili, akasimama katikati kututazama.

Baba akakanyaga breki.

Gari lilisimama. Sisi tuliendelea na safari yetu. Mkanda ulinikata kifua, trei zangu zikaniaga zikaenda kwenye dashibodi, na mayai tisini yakapasuka kwa mlio mmoja laini. Nyuma yangu nikasikia mlio mwingine, mdogo, mkavu. Halafu kimya. Kile kimya cha mtoto anayetafuta pumzi ya kulilia.

Alipoipata, Kabalagala yote ilisikia.

Mkaanga roleksi wa kwanza, mteja mkubwa wa mama, aliona yote kutoka kwenye kibanda chake. Alikuja mbio na mwiko mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akafunua nanasi, akachungulia trei ya juu, ya kati, ya chini. Akanyoosha mikono juu.

"Mazima! Mama, yote mazima! Hata moja halina ufa!"

Watu wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi. Korongo akaondoka.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshika sweta. Sweta la njano la dada yangu, amelikumbatia kifuani kwa nguvu zote, mikono imekaza kabisa, haijaachia hata kidogo. Mtoto aliyekuwa ndani yake alikuwa chini, kati ya viti, baada ya kugonga paji la uso nyuma ya kiti cha baba.

"Nilimshika," mama alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Nilikuwa nimemshika."

Kwenye zahanati muuguzi alimulika macho ya mtoto, akampapasa kichwa, akamtikisia funguo. Kinundu kilikuwa kimepanda katikati ya paji, laini, kimechongoka kidogo: nusu ya yai, sina mfano mwingine, samahani. Muuguzi akasema ataendelea vizuri, tumwangalie, akitapika au akilegea tumrudishe haraka. Kisha akachukua kalamu.

"Alikuwa amekaa wapi kwa gari?"

Nilikuwa na majibu manne, yote ya kuchekesha. Sikutoa hata moja.

"Kwangu," mama akasema.

Muuguzi akaandika. Neno hilo halikumchukua hata nusu ya mstari.

Tuliporudi uani mama hakuingia ndani. Alifungua mlango wa gari, akatoa trei tatu nzima akaziweka chini kwenye vumbi, bila kitambaa. Akaushika upindo wa nailoni kwenye pembe ya kiti. Akavuta. Ile nailoni ilipiga kelele ndefu, ya kuchanika, mpaka msusi akatoka na kitana chake kuangalia ni nani anachinjwa. Mama alivuta mpaka kipande cha mwisho, akakikunja, akakitupa kwenye pipa. Chini yake kiti kilikuwa laini. Hatukuwa tumejua. Tulikigusa wote kwa zamu.

Kumzoeza mtoto kulichukua siku nne na ndizi nyingi. Siku ya kwanza alimng'ata mama. Siku ya pili alining'ata mimi. Siku ya tatu msusi alikaa kando yake ndani ya gari lililosimama, akimsuka vinywele vyake vitatu huku akilalamika kuhusu serikali zote anazozijua. Siku ya nne mtoto alilala humo, mdomo wazi. Nikampiga picha nikamtumia shangazi: ya kwanza ya kweli.

Shangazi alijibu mara moja. "Mbona mmetoa nailoni? Kitachafuka!"

Jumamosi iliyofuata tukapanda Nakasero. Mbele mimi na trei zangu tatu. Nyuma dada yangu kitini, kinundu kimegeuka rangi ya bilinganya, mikanda mabegani. Kando yake mama, na kwa kuwa buti ni lile lile, trei tatu alizipakata yeye, zimemfika kidevuni.

Sare nyeupe ikainua mkono. Baba akasimama, akajinyoosha.

Afande alinitambua kwanza. "Wewe, mwana wa mayai." Halafu akainama dirisha la nyuma, na akakaa hapo muda, kama siku ile. Aliliona paji la uso.

"Leo mutoto iko kwa kiti."

"Yuko, afande," mama akasema juu ya mayai.

"Na mayai?"

"Nimeyashika."

Afande akatikisa kichwa, taratibu, akajaribu kutabasamu. "Nnyabo. Mayai huvunjika."

"Yavunjike," mama akasema.

Afande akasogea nyuma, akatupungia tupite. Baba akaingiza gia. Mbele kidogo kuna tuta ambalo baba hajawahi kulikumbuka kwa wakati, na hakulikumbuka. Nilisikia nyuma yangu mlio ule laini, mmoja, halafu mwingine. Nikageuka. Kiini kilikuwa kinamteremkia mama kwenye sketi yake ya kanisani, kinapita gotini, kinaelekea kwenye kiatu. Hakutazama chini. Alikuwa anakitazama kile kifungio chekundu, na mkono wake mmoja ulikuwa umeachia trei ili ukibane tena, kwa uhakika.